Kijiji cha Mwandiko Mmoja

Ujumbe ulimkuta Thoa uwani, amechuchumaa kwenye bomba anaosha mchele. Simu ililia mara moja ikanyamaza, ikalia tena, halafu ikaanza kulia mfululizo kama kifaranga aliyekanyagwa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasoma. Karatasi za Mama Luyen zimekataliwa. Karatasi za mzee Hoan zimekataliwa. Za mke wa Hoan, zimekataliwa. Za Sinh mwenye duka, vilevile. Jina likafuata jina, kijiji kizima kikapita kwenye kioo cha simu kama watu wanaotoka mazikoni, na mwishoni kabisa mstari mwekundu: akaunti yako imefungwa kwa udanganyifu.

Mchele ulikuwa unaondoka na maji, unaingia mtaroni. Bata wakaja mbio. Thoa hakuwafukuza.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mpaka unaona aibu kulipwa. Kampuni moja ya Hanoi inafundisha kompyuta kusoma mwandiko wa mkono, ili zile kadi za zahanati zilizojazwa kwa kalamu toka enzi na enzi zisomwe na mashine badala ya kuliwa na mende. Basi wanatafuta watu waandike. Unapewa karatasi yenye maneno yaliyochapwa, homa, kikohozi, jina la dawa, jina la kata, na chini ya kila neno kuna kisanduku kitupu. Unalinakili neno kwa mkono wako, basi. Thoa anapiga picha, anatuma, mashine ikiikubali karatasi hela inaingia. Wa kwanza kujaribu alikuwa Thoa mwenyewe. Zake zilikubaliwa zote, hela ikaingia siku ileile, na ndipo kampuni ikamfanya wakala. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waache mikeka kidogo, waje wajaribu kalamu.

Walikuja. Mikeka mwaka huo ilikuwa inalala tu stoo, mnunuzi haonekani, na matete yamekauka mpaka yanakata vidole. Vijana wote wako viwandani. Waliobaki kijijini ni watu wazima, mama zao na baba zao. Wakaandika juu ya meza za chakula, juu ya vitanda vya mbao, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Karatasi zikarudi safi ajabu. Thoa alipokuwa anazipiga picha alijisemea, hapa kampuni itafurahi.

Sasa alisimama na simu mkononi, hajui aanze kumwambia nani.

Alianza na mumewe, maana huyo hakwepeki. Khai alisikiliza huku anakula, bakuli limeegemea mdomoni. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kuchoka, na kuchoka kwake kulikuwa kama tusi.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia hakuna hela inayotoka Hanoi kuja huku. Hela inatoka huku kwenda Hanoi. Hivyo ndivyo barabara ilivyojengwa."

Thoa akamwambia asilete vichekesho, kijiji kizima kimeandika, na kila mtu amepiga hesabu yake. Mama Luyen keshachukua dawa ya presha kwa mkopo. Khai akauliza, sasa zake yeye Thoa mbona zilikubaliwa? Thoa akasema hajui. Khai akaweka bakuli chini taratibu.

"Basi hilo usilitaje nje ya nyumba hii," alisema. "Zako zimekubaliwa, zao zimekataliwa, na wewe ndiye unayepiga picha. Hata mimi mumeo nikisikia hivyo naanza kukuangalia mikono."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Ilikuwa saa ya baba mkwe kula. Mzee Diem alipigwa na kiharusi mwaka uliopita, kikamchukulia upande wa kulia: mguu unaburuzwa, mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo kijijini tangu ujana wake mpaka alipostaafu, darasa la kwanza na la pili, na watu bado wanamwita Mwalimu, hata wale wenye wajukuu. Thoa aliingia na uji wa mchele wenye samaki. Mzee alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akala mwenyewe, akajimwagia, na Thoa akajifanya anakunja nguo. Hivyo ndivyo walivyoishi wawili hao. Yeye hamsaidii, mzee hashukuru, wote wanaelewana.

Mzee akauliza, kwa maneno yake yanayotoka mojamoja, huko nje kuna nini. Thoa akamjibu hakuna kitu, Baba, bata wamekula mchele.

Alimpigia Phong, yule kijana wa kampuni, akiwa amejificha nyuma ya banda la nguruwe ili majirani wasisikie. Phong alikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku anaandika kitu kingine. Alimweleza kwa adabu kwamba mashine haisomi tu maneno, kwanza inalinganisha mikono. Inaangalia mtu anavyokunja herufi, anavyoacha nafasi, anapokandamiza na anapolegeza, na kwa mambo hayo inajua huyu ni nani na yule ni nani. Sasa karatasi zake zote, ukiacha zile za kwanza kabisa, mashine inasema zimeandikwa na mtu mmoja.

"Dada, mimi sikusemi vibaya," alisema Phong. "Wengi wanafanya. Mtu anakaa chini anaandika peke yake, anaweka majina ya majirani. Lakini ulivyofanya wewe ni kijiji kizima, dada. Angalau ungebadilisha kalamu."

Thoa akaapa. Akaapa kwa wazazi wake, akaapa kwa mababu wa mumewe ambao picha zao ziko juu ya kabati sebuleni. Phong akasema kila mtu anaapa. Mwishoni, labda kwa kuchoka kuapiwa, akakubali kuja mwenyewe keshokutwa aone. Akikuta ni kweli amedanganya, jina lake linapelekwa kwa kampuni nyingine zote, hatapata kazi ya simu tena maishani.

Banda la nguruwe halizuii sauti kama watu wanavyodhani. Jioni Thoa alipokwenda dukani kwa Sinh kuchukua chupa ya mchuzi wa samaki, maongezi yalikatika kama uzi. Mama Luyen alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki, anapepea miguu yake iliyovimba. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye mdomo ambao hata mwenyekiti wa kijiji anaupitia mbali.

"Karibu, tajiri," alisema.

"Dada Luyen, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Sisi kazi yetu si kusikiliza? Tumeambiwa andikeni, tukaandika. Tumeambiwa ngojeni, tukangoja. Sasa tunasikia za kwetu mbovu, za kwako nzuri. Kumbe mashine nayo inachagua rafiki."

Mtu akacheka nyuma ya magunia. Thoa akaeleza, lakini maelezo yenyewe yalikuwa mabaya kuliko kosa: eti mashine inadhani ninyi wote ni mtu mmoja. Alivyokuwa anayasema alijisikia na yeye hayaamini. Mama Luyen alimwacha amalize, kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, kwamba mtu akioa mbali ananunua kikapu kilichofunikwa. Thoa alitoka mkoa mwingine, miaka kumi na mbili yuko hapa, kazaa hapa, kazika mama mkwe hapa, na bado ilikuwa neno moja tu kumrudisha stendi alikoshukia siku ya arusi.

Sinh alimpa mchuzi wa samaki. Ila alimwomba alipe papo hapo, jambo ambalo hajawahi kumwomba.

Phong alifika na pikipiki, tope mpaka magotini. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alivua viatu mlangoni, akasalimia picha za mababu kwa kichwa, akanywa chai bila kuketi vizuri, akaomba waitwe wote walioandika. Hakuna aliyehitaji kuitwa. Walikuwa wameshajaa uwani tangu asubuhi, wengine na mikeka yao wakisuka huku wanangoja kuona mwizi anavyokamatwa.

Aliwaketisha sebuleni, barazani, na waliobaki uwani juu ya mikeka. Akagawa karatasi na kalamu. Akasema waandike kama kawaida, asiangaliane mtu. Halafu akaanza kupita nyuma yao polepole, mikono nyuma.

Thoa alisimama jikoni mlangoni. Kitu cha kwanza alichokiona ni migongo. Watu hawa wanaoshinda wamepinda juu ya mikeka, wanaosema viuno vimekufa, walikuwa wamenyooka wima, vifua havigusi meza, mkono wa kushoto umelaza karatasi, miguu yote miwili chini. Mzee Hoan, ambaye kanisani hulala hata kwaya ikiimba, alikuwa amenyooka kama mshumaa. Kalamu zilikuwa zinapanda kwa wepesi na kushuka kwa uzito, zinapanda na kushuka, zote kwa pamoja, ukisikiliza vizuri utadhani mvua ndogo.

Phong aliacha kutembea. Akachukua karatasi ya Hoan, akachukua ya mkewe, akachukua ya Mama Luyen. Akapiga magoti akazipanga sakafuni. Akaongeza nyingine, na nyingine. Sakafu ikawa ukurasa mmoja. Ile herufi ndefu ina kitanzi kilekile, ile ya duara imefungwa palepale, mkia wa neno unainuka kidogo mwishoni kama mtu anayeinua sketi asikanyage maji. Phong alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani aliwafundisha kuandika?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Wote waligeuka wakatazama pazia.

Ikaja ikaelezwa, kila mtu na kipande chake. Mwalimu Diem alikuwa na rula ya mwanzi. Mwalimu Diem alisema mwandiko ni sura ya mtu, ukinipa uchafu umeniletea uso haujanawa. Herufi moja mnaiandika wiki nzima mpaka mkono unaiandika usingizini. Shule yake ilibeba kombe la wilaya la mwandiko safi mwaka hadi mwaka, mpaka wilaya ikaona aibu. Mama Luyen akaonyesha kidole chake cha kati, kina kovu. "Kitanzi kilikuwa kinene," alisema, na uso wake kwa mara ya kwanza siku ile ulilegea. Khai hakuonyesha kidole. Alikuwa mtoto wa mwalimu, angeanzia wapi.

Thoa yeye alisomea mkoa mwingine, kwa mwalimu mwingine, mvivu. Ndiyo maana zake zilipita.

Basi hapo pumzi zikashuka. Mama Luyen alimtazama Thoa, akatazama pembeni, akasema chai imepoa, mbona mgeni haongezwi. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa karibu na kuomba radhi. Watu wakaanza kuulizana hela itaingia leo au kesho.

Phong aliinuka akajipangusa magoti.

"Naamini," alisema. "Ninyi ni watu wengi, nimewaona kwa macho yangu. Nitamfungulia dada akaunti yake. Lakini kulipa siwezi."

Akajieleza, na kwa kweli alijieleza vizuri. Hii mashine, alisema, haina kichwa kama chetu. Ndani yake kuna kama vinundu vingi vidogo vimeungana kwa nyuzi, kila kimoja kinajua kitu kidogo tu: hapa kuna mstari, hapa kuna pindo. Haifundishwi kanuni, inaonyeshwa. Inakisia, inakosea, inasahihishwa, nyuzi zinakazwa hapa zinalegezwa pale, inakisia tena. Ukiionyesha miandiko ya kila namna, siku moja itasoma hata mwandiko ambao haijawahi kuuona. Ukiionyesha mwandiko mmoja mara elfu, itajua huo mmoja, ukiipa kadi ya daktari mwenye haraka inakufa. Kampuni hainunui karatasi. Inanunua tofauti.

"Kwa macho yangu ninyi ni kijiji," alisema. "Kwa mashine ni mtu mmoja ameandika sana. Mtu mmoja nitamlipa."

"Yupi?" Sinh akauliza, na hakuna aliyejua kama anatania.

Mzee Hoan akasema basi waandike vibaya. Alilisema kama anavyosema mambo mengi, bila kufikiri, lakini Phong akainua kichwa. Kama mnaweza, alisema, kwa nini isiwe. Andikeni haraka, andikeni mmesimama, andikeni kwa mkono wa kushoto. Karatasi zikagawiwa tena.

Hapo ndipo siku ile iliyooza ikapata kicheko chake. Hawakuweza. Mama Luyen aliandika kwa kushoto, ulimi nje, jasho linamtoka, na herufi zikatoka zinatetemeka lakini na vitanzi vyake vyote, kama bibi mlevi anayekumbuka adabu. Mke wa Hoan aliandika kwa haraka, akamaliza, akarudi bila kujijua kuweka nukta alizoruka. Sinh alifumba macho. Mzee Hoan aliandikia juu ya mgongo wa mkewe, mkewe akacheka mpaka karatasi ikachanika. "Simama vizuri wewe dawati," mumewe akamkemea. Watu wakapindana. Mtu mzima akaonyesha karatasi yake juu, amefanikiwa kutoa herufi moja mbaya kweli, wakampigia makofi. Hata Phong alicheka. Hata Khai.

Pazia likafunguka.

Mwalimu Diem alisimama kwenye fimbo yake, kavaa shati jeupe lililofungwa vifungo vya juu tu, vile ambavyo mkono mmoja unavifikia. Hakuna aliyemwona mpaka alipokuwa katikati yao. Alitazama karatasi zilizotapakaa sakafuni. Aliinamisha fimbo, akaisogeza moja karibu na mguu wake, akaisoma. Ilikuwa ya Mama Luyen.

Kicheko kilikufa mtu kwa mtu. Mama Luyen alisimama. Kisha wote wakasimama, mikono mbele, hivyo hivyo walivyo, wenye mvi na wenye vipara.

"Mnanicheka?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu," walijibu pamoja, na huo uitikio wa pamoja ndio ulioharibu zaidi.

Phong, ambaye hakumjua, akamsogelea, akainama, akaanza kumweleza mambo ya mashine. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, sasa kosa la hawa ni nini? Phong akasema hawana kosa, babu, wanafanana tu. Mashine inataka na wale wanaoandika ovyo. Mzee akalirudia hilo neno, ovyo, polepole, kama mtu aliyeonja kitu akakuta kimechacha. Macho ya Phong yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye ule mkono wa kulia. Yakakaa pale muda mrefu kuliko adabu.

"Babu, unaandika bado?"

Khai alimshika Phong kiwiko akamtoa nje. Mwalimu Diem aligeuka, fimbo, mguu, fimbo, mguu, akarudi nyuma ya pazia. Watu waliondoka bila kuagana. Kila mmoja aliokota karatasi yake mbovu akaikunja akaitia mfukoni, asiiache pale.

Kabla ya kuwasha pikipiki Phong alimwambia Thoa kitu ambacho Thoa alitamani asingeambiwa. Mkono wa mgonjwa wa kiharusi, alisema, kampuni inaulipa mara kumi, maana kila herufi inatoka tofauti. Wanautafuta hawaupati. Wagonjwa wenyewe hawataki, na ndugu zao wanaona haya kuwaomba. Wakati kadi za zahanati nyingi zimesainiwa na watu kama hao. Karatasi za mzee zikifika rundo la maana, dada, unalipa kijiji chako chote na chenji inabaki. Akaacha rundo la karatasi tupu juu ya ukuta wa banda la nguruwe, akaweka jiwe juu.

Thoa na Khai hawakugombana. Walichoka mno kugombana. Thoa alisema mtoto wake ni wewe, mwambie wewe. Khai akasema hajawahi kumwomba baba yake hata hela ya daftari, leo aanze na hili? Mwanaume yule tangu augue hajashika kalamu. Hela ya pensheni anakwenda kuichukua Khai, kwa sababu mzee akipewa pahala pa kusaini anaondoka.

"Na wao?" Thoa aliuliza. "Nawalipa nini? Sinh keshaanza kunidai papo hapo. Kesho nikipita na mtoto watamwita nani? Mtoto wa nani?"

"Wamejua hukuiba."

"Wamejua sikuiba. Hela hawajapata. Ukiwa huna hela mkononi, kutoiba kwako kunakaa wiki ngapi?"

Khai akachukua bomba lake la mwanzi, akavuta tumbaku mara moja, moshi ukamfunika uso, akakaa humo ndani kama mtu aliyefunga mlango.

Asubuhi spika ya kijiji ilikuwa inatangaza chanjo ya kuku. Thoa aliingia na beseni la maji ya vuguvugu, kazi yake ya kila siku. Alimwosha mzee uso, akamwosha mkono mzuri, kisha akauchukua ule mwingine. Vidole vilikuwa vimejikunja. Ilibidi kuvifungua kimoja kimoja. Akavikata kucha. Mzee alikuwa anatazama dirishani.

Thoa hakuzunguka. Alimwambia hela ni kiasi gani na za akina nani. Alimwambia kuhusu dawa ya Mama Luyen. Alimwambia kwamba wameandika siku zote zile, wakaandika kama alivyowafundisha, na kwa sababu wameandika kama alivyowafundisha hawatapata kitu. Hakusema tafadhali.

"Wangekuwa wanafunzi wabaya," alisema mzee, macho bado dirishani, "wangelipwa."

"Ndiyo, Baba."

Kuku wakatangazwa tena, kwa jina la kata. Mzee aliutazama mkono wake ndani ya mikono ya mkwewe, ukiwa safi, kucha fupi, kama wa mtoto anayekwenda shule.

"Funga mlango," alisema. "Na dirisha."

Hakuna aliyemwona akiandika ila Thoa, na Thoa hakumsimulia mtu, hata mumewe. Ilibidi kalamu ifungwe kwenye vidole kwa kitambaa. Ilibidi karatasi ishikwe kwa mkono wake Thoa, kwa sababu ilikuwa inakimbia. Neno moja, homa, lilichukua muda wa kupika wali. Herufi zilitoka kubwa na ndogo, zimevunjika, zinatoka nje ya kisanduku na kurudi, na mzee alipumua kwa nguvu kama mtu anayebeba gunia. Karatasi ya kwanza ilipokwisha aliitazama, akatafuta kwa mkono wa kushoto kitu mezani. Thoa akajua anatafuta kalamu nyekundu. Akaivuta karatasi upesi, akaipiga picha, akaituma.

Simu ikalia mara moja.

"Inasemaje?"

"Imekubali, Baba."

Mzee akafumba macho. Haikujulikana kama amefurahi. Machozi yake siku hizi yalikuwa yanatoka yenyewe, hata akila, daktari alisema ni ugonjwa. Thoa akaweka karatasi nyingine.

Hivyo wakaenda, siku nyingine karatasi mbili, siku nyingine hakuna, siku nyingine mkono umevimba na Thoa anaukanda kwa majani ya moto huku anajichukia. Mikeka ikaendelea kulala stoo. Thoa akawa anasinzia amesimama. Khai akachukua kazi ya kupakia matofali ng'ambo ya mto, akawa anarudi kimya, anachungulia mlango uliofungwa, anakwenda kuoga. Siku moja aliacha nje ya mlango chungwa limemenywa, halina hata uzi mweupe, na kipande cha kitambaa kipya, laini, cha kufungia kalamu. Hakusema ni cha nini.

Kijijini walijua. Utafichaje? Sinh aliacha kudai papo hapo. Mama Luyen alipita na bata mmoja aliyechinjwa, akamwachia Thoa mlangoni, akasema eti ni mzee mno, atamvunja meno.

Siku ya malipo Thoa alipanga meza sebuleni. Hela ilikuwa ya mkono wa mzee, lakini Phong alikuwa ametuma karatasi ya kampuni ya kufungia hesabu za wakala, kila mtu asaini na aandike jina lake kamili amepokea. Watu walikuja wamevaa vizuri. Hawakujua waingie na uso gani. Na Mwalimu Diem, ambaye hakuna aliyetarajia kumwona, alitoka peke yake, akavuta kiti, akaketi pembeni ya meza, mkono wake wa kulia ameuweka juu ya meza hadharani. Ulikuwa na sugu mpya ya kalamu.

Thoa alianza na Mama Luyen kwa sababu ya miguu yake. Mama Luyen alichukua bahasha, hakuhesabu. Akashika kalamu, akaangalia ule mkono uliolala mezani, akamwangalia mwenye mkono. Kisha akainama akaandika jina lake haraka haraka, ovyo, limekwenda upande, kitanzi hakijafungwa, mkia umeburuzwa. Aliandika vibaya kweli. Safari hii aliweza. Mzee Hoan nyuma yake aliona, akaelewa, akatikisa kichwa kwamba na yeye atafanya hivyo. Ungeona ule mstari wote wa watu wanajiandaa kuharibu majina yao.

Kidole cha Mwalimu, cha mkono wa kushoto, kikagonga meza mara mbili.

"Luyen."

"Naam, Mwalimu."

"Kata hilo. Andika upya."

Mama Luyen alisimama kidogo. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mgongo, akalaza karatasi kwa mkono wa kushoto. Akakata jina lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaanza chini yake, kupanda kwa wepesi, kushuka kwa uzito. Alichukua muda wake. Wengine walingoja kwenye mstari. Alipomaliza aliigeuza karatasi kuelekea kwa mzee, akaweka mikono mapajani.

Mwalimu Diem aliisogeza karibu, akaitazama toka mwanzo wa jina hadi mwisho wake.

"Kitanzi," alisema, "bado kinene." Akamwonyesha Thoa kwa kidevu amwite anayefuata.